Kutu ya pwani huanzia upenuni: gata na fishabodi za nyumba yetu Kigamboni

Kipande cha fishabodi, ule ubao unaofunika ncha za paa upenuni, kilichoanguka barazani kwetu Mjimwema, katika masika ya mwaka 2021, kilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Upande wa mbele, ule tuliokuwa tukiuona kila jioni tukirudi nyumbani, rangi yake nyeupe ilikuwa bado inang'aa. Upande wa nyuma, ule uliogusana na ncha za kenchi (mbao zinazobeba paa), ubao ulikuwa umegeuka unga wa kahawia uliomomonyoka nilipoukwangua kwa kidole. Gata ya bati, yaani mfereji wa kukingia maji ya paa, iliyokuwa imefungwa kwenye ubao huo ilibaki ikining'inia kwa braketi moja, imejaa matope meusi na majani ya mvinje, na maji yakimwagika pale pale alipokuwa ameketi mama mkwe wangu dakika chache kabla hajanyanyuka kwenda kuswali alasiri. Tulimshukuru Mungu, tukaondoa kiti, na tangu siku hiyo sijawahi kupita chini ya upenu wa nyumba yoyote ya pwani bila kuinua macho.

Nyumba yetu iko kiasi cha mita 600 kutoka baharini. Tuliipaua mwaka 2014, na Daraja la Nyerere, linalounganisha Kigamboni na upande wa pili wa Dar es Salaam, lilipofunguliwa mwaka 2016 majirani wakaongezeka mpaka viwanja vilivyokuwa vichaka vikawa mitaa. Katika ujenzi wote huo, wetu na wa majirani, nimesikia watu wakiulizana sana kuhusu rangi ya bati, kama ni la msauzi au la migongo midogo, kama ni geji 28 au 30, na ni kiwanda gani kinatoa bati lisilopauka. Kuhusu gata sikusikia swali. Gata huja mwisho, fedha zikiwa zimekwisha na mwenye nyumba akiwa na hamu ya kuhamia, na hupewa fundi yeyote aliyebaki na mabaki ya bati. Wazee wa pwani waliokuwa wakiziita milizamu walizithamini kwa sababu walizitegemea kwa maji ya kunywa. Ukienda Pate na visiwa vya jirani katika kaunti ya Lamu utakuta majabia ya kukingia mvua yaliyojengwa kwa uangalifu kuliko nyumba nyingi za leo. Sisi wa bomba na kisima kirefu tuliisahau heshima hiyo.

Fundi wa kwanza tuliyemwita mwaka 2021 alifanya kazi ya siku moja na nusu. Aling'oa ubao uliooza sehemu ile iliyoanguka tu, akapigilia mpya, akairudisha gata ile ile baada ya kuinyoosha kwa nyundo, akaziba matundu kwa silikoni na kupaka rangi. Kwa macho ilipendeza. Vuli ya mwaka 2023, ile ya mvua za El Niño zilizonyesha kwa wiki nyingi karibu nchi nzima, maji yaliingia juu ya dari ya sebule, gipsamu ikavimba kama mkate, na ukuta wa mbele ukaota madoa kuanzia usawa wa madirisha kwenda chini. Nilipomwita tena, simu yake haikupatikana. Sitaki kumlaumu kupita kiasi, kwa sababu nilichomwomba ni kuziba, naye akaziba.

Fundi wa pili ni mzee aliyefanya kazi ya kupaua kwa maisha yake yote, nikampata kupitia kwa jirani ambaye nyumba yake ni ya zamani kuliko yetu na upenu wake hauna doa. Alifika asubuhi mwezi wa pili mwaka 2024, akiwa na kijana wake mmoja. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwonyesha ngazi na kumwambia kwamba paa linavuja upande wa mbele. Hakupanda juu. Aliisimamisha ngazi chini ya upenu, akapanda hatua tano, akageuza shingo na kutazama tumbo la bati kwa tochi.

"Mwanangu," akaniambia, "huko juu mvua inaosha. Panda hapa uone kule isikofika."

Nilipanda. Bati letu kwa juu lilikuwa na rangi yake ya udongo, limepauka kidogo tu. Kwa chini, katika ile sentimita thelathini ya mwisho inayotoka nje ya ukuta, kulikuwa na vipele vya kutu vilivyoshikana, na mahali pengine ukungu mweupe kama unga wa muhogo, ambao mzee aliniambia ndiyo zinki yenyewe inayoliwa kabla chuma hakijafikiwa. Vichwa vya misumari vilivyokuwa vikitazama juu vilikuwa vizima, lakini miili yake iliyojitokeza chini ya papi, zile mbao ambazo bati hupigiliwa, ilikuwa imekonda kama njiti za kiberiti.

Jambo hili lilinishangaza, na nadhani linawashangaza wengi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu kadiri nilivyolielewa. Upepo unaovuma kutoka baharini, uwe kaskazi au kusi, hubeba chembe ndogo mno za maji ya chumvi kutoka kwenye mawimbi yanayopasuka, na chembe hizo hutua kila mahali: juu ya bati, kwenye nondo za madirisha, kwenye majani ya miti, na ndani ya upenu ambako upepo huzunguka kabla ya kutoka. Mvua ikinyesha, chumvi ya juu ya bati husombwa na maji na kwenda zake. Ile ya chini ya upenu haisombwi na chochote. Inabaki, inaongezeka msimu baada ya msimu, na ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida ya jikoni huanza kulowa yenyewe unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi, na kila aliyewahi kuacha kibakuli cha chumvi wazi Dar es Salaam usiku mmoja amekwisha kuliona hilo. Chumvi ya bahari hulowa mapema zaidi, kwa sababu ndani yake mna magnesi. Kwa hiyo tumbo la bati letu hulowana karibu kila usiku wa mwaka, hata katika miezi ambayo hakuna tone la mvua, na linalowana kwa maji ya chumvi.

Hesabu yake si ngumu. Bati lililopakwa zinki gramu 275 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, lina tabaka la zinki lenye unene wa maikroni 20 hivi kwa kila upande (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Katika hali ya hewa ya wastani tabaka hilo hupungua kwa maikroni moja au mbili kwa mwaka. Katika mazingira makali ya pwani, kwa viwango vya kimataifa vinavyotumika kupima ulaji wa metali, hupungua kwa maikroni 4 hadi 8 kwa mwaka. Ukigawanya utaona kwamba kinga ambayo bara ingedumu zaidi ya miaka kumi, kwetu inaweza kwisha kati ya mwaka wa tatu na wa tano, na hiyo ni kwa bati lenye kinga nzito, wakati gata nyingi hukunjwa kwa bati jepesi kuliko la paa.

Mzee alitoa bisibisi mfukoni na kuanza kuichomeka katika fishabodi kila baada ya hatua moja, kwa upande wa chini, mahali ambapo ubao unakutana na gata. Mahali pazima bisibisi iligonga na kurudi. Mahali pabovu ilizama mpaka kwenye mpini bila sauti yoyote, na rangi nyeupe ya mbele ikabonyea kama ganda la yai. Katika mita 14 za upande wa mbele, mita tisa zilikuwa hivyo. Kijana wake alikuwa akiweka alama kwa chaki, na mimi niliyekuwa chini nikishika ngazi nilihesabu alama hizo huku moyo ukinienda mbio. Namshauri kila mwenye nyumba aifanye kazi hii mwenyewe mara moja kwa mwaka, kwa bisibisi ya kawaida na ngazi inayoshikwa na mtu wa pili, kwa sababu fishabodi huoza kutoka nyuma kwenda mbele na rangi ndiyo huwa ya mwisho kusema ukweli.

Kuhusu sababu ya maji kuingia juu ya dari, kosa lilikuwa katika namna gata ilivyofungwa. Ukingo wake wa nje ulikuwa juu kuliko ukingo wa ndani, yaani ule ulioegemea ubao. Siku ya mvua ndogo hilo halina madhara. Siku gata inapojaa, maji hutafuta ukingo ulio chini, na ukingo ulio chini ulikuwa ule wa ndani, kwa hiyo yalikuwa yakirudi nyuma, yanalowesha fishabodi, yanatembea juu ya mbao za kenchi na kushuka kwenye gipsamu. Gata iliyofungwa vizuri huwa imeinama kidogo kuelekea nje, ili ikizidiwa imwage maji uani. Bati nalo linatakiwa kuingia ndani ya gata kwa kiasi cha sentimita tano. Likiwa fupi, maji ya mvua ndogo hurudi nyuma kwa kuambaa tumbo la bati, na likiwa refu sana, maji ya mvua kubwa huruka juu ya gata nzima.

Mteremko pia haukuwepo. Fundi wa kwanza aliifunga gata kwa kuifuata fishabodi, na fishabodi ilikuwa imelala sawasawa kabisa, kwa hiyo maji yaliyobaki baada ya kila mvua yalituama humo kwa siku nyingi, pamoja na chumvi na majani. Mzee alichukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akamsimamisha kijana kwenye kona moja naye akasimama kwenye nyingine, na kwa usawa wa maji katika ncha mbili za mpira akapiga alama ya kwanza. Kutoka alama hiyo alishusha milimita tano kwa kila mita moja ya gata. Kwa kuwa mita 14 zingehitaji kushuka milimita 70, kiasi ambacho kingeonekana vibaya kutoka barabarani, aliigawa: kilele kikawekwa katikati ya nyumba na maji yakaelekezwa kona zote mbili, milimita 35 kila upande. Akafunga uzi, na braketi zikafuata uzi, moja kila baada ya sentimita sitini. Kazi hiyo ya kupima ilichukua saa tatu nzima, na nilikaa nikiitazama kwa furaha niliyokuwa sijaipata tangu tuanze kujenga.

Kuhusu ukubwa wa gata, watu wengi hawajui ni maji kiasi gani yanayoshuka kutoka juu ya nyumba zao. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Upande wa mbele wa paa letu una mita za mraba 70, kwa hiyo mvua ya masika ikishusha milimita 50, lita 3,500 zinapita katika gata hiyo moja, na kwa masika yetu kiasi hicho kinaweza kushuka ndani ya saa moja. Gata ya zamani ilikuwa nusu duara yenye upana wa sentimita kumi, na bomba la kushushia maji lilikuwa moja tu, la inchi mbili. Mafundi wa kukinga maji ya mvua hutumia kanuni rahisi ya sentimita moja ya mraba ya nafasi ndani ya gata kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Kwa kanuni hiyo gata yetu ilitosha nusu ya kazi iliyopewa. Sasa ni ya pembe nne, upana sentimita 12 na nusu na kina sentimita kumi, na mabomba ni mawili ya inchi nne. Bomba la inchi nne halipitishi mara mbili tu ya lile la inchi mbili. Nafasi yake ya ndani ni mara nne, na majani yanayokwama katika la inchi mbili hupita humo bila shida.

Nilimuuliza mzee juu ya vifaa, nikitarajia aniambie kimoja kilicho bora. Hakuna kimoja. Gata ya bati ni rahisi kukunjwa karakana yoyote na kuungwa kwa lehemu, lakini kwa nyumba inayosikia mawimbi ni kulea kutu. Gata ya plastiki haishiki kutu kamwe, ila jua letu huifanya iwe kavu na kukatika baada ya miaka, na hurefuka kwa joto: kipande cha mita nne kinaweza kuongezeka milimita saba kati ya alfajiri ya baridi na saa nane mchana, kwa hiyo fundi akiibana pande zote bila kuacha nafasi kwenye viungo, itapinda au itapasuka. Alumini iliyopakwa rangi kiwandani huvumilia bahari vizuri kuliko zote mbili, kwa bei inayouma. Tuliamua alumini upande wa mbele unaopigwa na upepo wa bahari, na plastiki upande wa nyuma unaofichwa na nyumba yenyewe. Ningekuwa na fedha za kutosha ningeweka alumini kote.

Hapa ndipo gharama ndogo huharibu kubwa. Alumini haipatani na kila metali. Ukiifunga kwa skrubu za chuma cha kawaida, chumvi ikilowa kati yao hufanya kazi kama maji ya betri, na metali iliyo dhaifu huliwa. Tulitumia skrubu za stenlesi ya daraja la 316, ambayo huchanganywa na molibdeni ili kuhimili chumvi. Ile ya 304 inayouzwa kwa wingi hupata madoa ya kutu mapema ikiwa karibu na bahari. Mbao mpya za fishabodi zilikuwa zile zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani, na dawa hiyo ina shaba, nayo shaba ni adui wa alumini na wa zinki vile vile. Kwa sababu hiyo mzee alizipaka mbao rangi pande zote sita kabla hazijapanda juu, hata kwenye ncha zilizokatwa, kisha akaweka utepe mzito wa plastiki kati ya ubao na kila braketi. Sikuwahi kumwona fundi anayepaka rangi mgongo wa fishabodi. Mgongo ndio ulioua ile ya kwanza.

Alimkataza pia kijana wake kutumia grenda kukatia bati juu ya paa. Cheche za grenda huunguza tabaka la kinga pembeni mwa mahali palipokatwa, na vumbi la chuma linalotawanyika juu ya bati hugeuka vidoadoa vya kutu baada ya mvua ya kwanza. Walikata kwa mkasi wa bati, wakafagia kila jioni.

Mahali maji yanapoishia pana uzito wake, hasa Kigamboni ambako ardhi ni mchanga mtupu. Bomba la zamani lilimwaga chini ya kona ya nyumba, na kwa miaka saba lilikuwa limechimba mpaka tofali la kwanza la msingi likaonekana. Upenu usio na gata nao hudondosha maji kwa mstari mmoja, mchanga unarukia ukutani, na ukuta unakunywa. Kila mkazi wa pwani anaijua ile chumvi inayopanda ukutani, rangi ikabanduka kwa magamba na lipu ikawa unga. Tunailaumu michanga na matofali, na ni kweli mchanga wenye chumvi una sehemu yake, lakini chumvi haipandi bila maji ya kuibeba. Tangu maji ya mvua yaondolewe mguuni mwa ukuta wetu wa mbele, magamba yamekoma pale, ilhali ukuta wa choo cha nje ambao hatujauwekea gata unaendelea kumomonyoka kama kawaida.

Sasa bomba moja linaingia katika tangi la lita 5,000 na jingine linakwenda kwenye shimo la kokoto lililo mita tatu kutoka ukutani. Maji ya kisima chetu kirefu yana chumvi, sabuni haitoi povu, na nguo nyeupe hugeuka rangi ya chai. Maji ya tangi la mvua ndiyo tunayofulia, na mama mkwe wangu hapikii wala hachemshii chai maji mengine, akisema yana ladha ya utoto wake. Maji ya mwanzo ya kila msimu tunayaacha yapite, kwa sababu yanasomba vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi ya miezi mingi.

Ndege hao wanastahili kutajwa. Kunguru wa Dar es Salaam hutumia gata kama sahani. Nimetoa humo mifupa ya kuku, vipande vya waya, soksi ya mtoto, na mara moja kijiko. Mvinje uliopandwa na jirani kuzuia upepo ni mzuri, lakini majani yake membamba kama sindano husukana yakawa mkeka ambao maji hayapenyi, na ndani ya mkeka huo mbegu za mpapai ziliwahi kuota. Maji yaliyotuama chini yake ni nyumba ya mbu wanaouma mchana. Jiji letu liliugua dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, tukahimizwa kufukia madimbwi na kumwaga maji katika makopo na matairi, na sidhani kama wengi wetu tulikumbuka kutazama juu.

Naomba niseme neno kuhusu nyumba za paa lililofichwa, ambazo zimekuwa nyingi mno katika viwanja vipya. Ukuta unapandishwa juu kuzunguka paa, bati halionekani, na gata inakuwa ndani, katikati ya ukuta na paa. Ni nzuri kutazama, na kwa mwenye kuzitunza hazina ubaya. Hata hivyo gata yake ikiziba, maji hayana pa kumwagikia isipokuwa ndani ya nyumba, na kwa kuwa haionekani kutoka chini, mwenye nyumba hujua siku dari inapoanguka. Anayejenga hivyo karibu na bahari ahakikishe kuna tundu la dharura kwenye ukuta huo, chini kidogo ya usawa ambao maji yakiufikia yataingia ndani, ili likianza kutiririsha maji nje ajue mara moja kwamba njia kuu imeziba. Ahakikishe pia kuna mahali salama pa kupandia.

Miezi mitatu baada ya mzee kumaliza, tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Kisiwa cha Mafia kilipigwa zaidi kuliko sisi, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasimamishwa. Kwetu ilikuwa upepo wa usiku kucha na mvua iliyokuja kwa ubavu. Sikulala. Nilikuwa nikisikiliza upenu, kwa sababu upepo huanza kulinyanyua paa pale ukingoni, na ukingo wa bati ukishikwa na ubao uliooza hakuna kinachouzuia kufunuka. Kulipokucha nilizunguka nyumba nikiwa na mwavuli usiofaa kitu. Fishabodi ilikuwa mahali pake, gata zilikuwa zikinguruma maji kwenye kona zote mbili, na tangi lilikuwa limejaa na kufurika kuelekea shimoni kama lilivyopangwa. Dari ya sebule ilikuwa kavu.

Tumeweka utaratibu tangu wakati huo. Wiki ya pili ya Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na bati likiwa kavu, tunapanda na kusafisha gata zote kwa mkono na kikwangulio cha plastiki, kwa sababu koleo la chuma huchubua rangi. Kisha tunaosha tumbo la upenu, vichwa vya skrubu na mgongo wa gata kwa maji ya tangi la mvua. Kijana aliyetusaidia mara ya kwanza alikwisha kuchomeka mpira kwenye bomba la kisima nikamwahi, maana angekuwa anaongeza chumvi juu ya chumvi. Tunarudia mwezi wa tisa kabla ya vuli. Mahali penye kipele cha kutu tunasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, tunafuta kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, tunasubiri pakauke, tunapaka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo kabla ya jioni, kwa sababu chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja huku kwetu huamka kikiwa chekundu.

Kazi moja haijakwisha. Nyuma, pale paa la jiko linapokutana na paa kubwa, kuna bonde la bati la zamani ambalo mzee alilitazama kwa tochi na kutikisa kichwa. Alisema litavumilia mvua za msimu mmoja, pengine misimu miwili. Bati lake jipya tumekwisha kulinunua, limeegemezwa kwenye stoo kwa mbao ili lisiguse sakafu ya zege, na tumekubaliana aje wiki ya kwanza ya Septemba, upepo wa kusi ukianza kutulia.